Mkono wa Baba na Gunia la Mama

Wenzangu wa chama, tangu nirudi hapa Section 58 simu yangu haijapoa. Huyu anauliza Baba alifikaje Subukia, yule anauliza kwa nini nilikaa huko muda wote huo, na mwingine amesikia ng'ombe wetu wanaumwa na anataka kujua kama ni kweli. Nikijibu mmoja mmoja nitazeeka na simu mkononi. Kwa hivyo naandika mara moja, kila mtu asome. Na tafadhali, hilo la ng'ombe lisitoke kwenye grupu kabla hamjafika mwisho.

Kwa wale mlioingia chama juzi, Baba yangu ni Mzee Barasa. Babu yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka Bungoma, na Baba akazaliwa hapa hapa. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha unga, akibeba magunia na kumeza vumbi, na huko ndiko kifua chake kilikoharibikia. Alipostaafu alinunua shamba dogo Subukia, akaanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Mpaka leo akipanda kilima kidogo tu, unasikia kifua kikipiga mluzi.

Jambo la pili la kujua kuhusu Baba ni kwamba hapitwi na mkono. Si mzee wa kanisa, lakini ibada ikiisha husimama mlangoni na kusalimia watu mpaka uwanja ubaki mtupu. Na salamu yake si ya haraka. Anaushika mkono wako, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za yule ndama aliyekuwa akiharisha, na hauachilii mpaka asikie yote. Sisi watoto wake tulizoea kumngoja juani tukiwa na njaa.

Korona ilipoingia, alikuwa Sachangwan kwa kaka yangu Wafula, alikoenda kusaidia kuvuna viazi. Baridi ya huko ikampata, akalazwa. Siku ya kumtoa hospitali daktari alituita pembeni, mimi na Wafula, akatuambia waziwazi. Kifua cha mzee hakina nguvu ya kupigana na ugonjwa mwingine. Akiambukizwa Korona, tusitegemee kumrudisha. Tumwondoe kwenye baridi, na tumweke mbali na watu.

Subukia kuna joto, na Mama alikuwa huko peke yake na ng'ombe. Shule ninayofundisha ilikuwa imefungwa, darasa langu la pili wote wako kwao, mimi nakaa tu. Nikasema nitampeleka mimi. Kazi yangu ilikuwa kumtoa Baba Sachangwan hadi Subukia bila mtu yeyote kumgusa. Nilidhani ni kazi ndogo.

Sachangwan: waliokuja kuomba mbegu

Nilikuwa nimempigia Wafula simu mapema awaambie majirani wasije kumuaga mzee. Aliwaambia. Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, na ndani ya ukungu huo nikaona watu wanakuja, mmoja mmoja, na magunia matupu kwapani.

"Hatujakuja kuona mgonjwa," mama wa kwanza akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Tumekuja kwa Wafula, mbegu ya viazi."

Wote walikuwa wamekuja kwa mbegu. Hakuna aliyeuliza habari ya mbegu. Niliburuta benchi nikaliweka mlangoni, nikasimama nyuma yake jinsi ninavyosimama siku ya mtihani, na wao wakajipanga upande wa pili wakinyoosha shingo. Barakoa walikuwa nazo, ziko kidevuni. Baba naye alikuwa ndani ameshaanza kuinuka.

"Baba, kaa."

"Nekesa, watu wametembea kwa baridi."

"Wasalimie kutoka hapo."

Akawasalimia kutoka hapo, lakini nilimwona anavyoufungua na kuufunga mkono wake wa kulia juu ya goti. Mmoja akamnyooshea kiwiko juu ya benchi, kama serikali ilivyofundisha. Baba akakitazama kile kiwiko.

"Hiyo ni ya kusukumana kwa laini ya basi," akasema. "Hiyo si salamu."

Watu walicheka, barakoa zikateremka zaidi. Nilitamani kuwa na filimbi.

Gari letu lilikuwa pickup ya kijana anaitwa Koech, anayebeba viazi vya Wafula kuvileta Nakuru. Kijana mzuri, mpole, mtoto wa wafugaji wa huko huko. Barakoa yake ilikuwa inaning'inia kwenye kioo, pale wengine hutundika rozari. Nikamwambia aivae.

"Mwalimu, mimi siko na ugonjwa."

"Wanaoambukiza ndio hao hao wasiojijua."

"Sawa, nitavaa tukiona polisi."

Tukabishana mpaka Wafula akaingilia kati. Koech akaivaa, akaiteremsha kwenye kona ya kwanza kwa sababu eti kioo cha mbele kinajaa mvuke. Nilimketisha Baba dirishani, mimi nikakaa katikati niwe ukuta, na madirisha yote nikayaacha wazi. Mke wa Wafula alikuwa ametupa viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa na chupa ya chai. Ndivyo tulivyoanza kuteremka, upepo ukitupiga mashavu, Baba akiwapungia watu wote wa barabarani.

Salgaa: chai ya kopo

Hatukufika mbali. Karibu na Salgaa injini ilianza kutoa moshi, Koech akafungua boneti akasema mkanda wa feni umekatika. Akaenda kutafuta mwingine, sisi tukabaki kando ya barabara.

Mnajua Salgaa ilivyo, malori yamelala pande zote mbili. Siku hizo hata hivyo kulikuwa na ukimya wa ajabu. Madereva walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya trela zao, na wenye vibanda walikuwa upande wao, na katikati hapiti mtu. Mbele ya duka la vipuri palikuwa na tangazo kubwa kwamba hakuna kuingia bila barakoa. Pembeni ya tangazo kulikuwa na msumari, na kwenye msumari barakoa moja ya kitambaa cha bluu. Mteja anafika, anaivua msumarini, anaivaa, ananunua, anatoka, anaitundika. Anayefuata anaichukua. Nilisimama nikitazama watu kadhaa wakiivaa kwa zamu, kwa adabu kabisa, na mwenye duka akiwashukuru kwa kufuata sheria.

Baba alipoona Koech amechelewa aliamua kumfuata, akaunyoosha mkono wake msumarini. Nilimdaka kwenye mlango.

"Hii ni ya wateja," mwenye duka akanieleza, akidhani naogopa wizi.

Nilimrudisha Baba kwenye pickup nikamwambia asitoke. Kisha nikaenda kwenye mtungi wa maji kando ya kibanda cha chai kunawa mikono, na nikawa nanawa kwa makini jinsi ninavyowafundisha watoto, vidole, kucha, kiganja. Mama wa chai alikuwa anahudumia. Wateja wake wa karibu aliwapa vikombe. Kisha akachukua kopo lililokuwa la mafuta ya kupikia, akamimina chai humo, akalibeba na kuliweka juu ya jiwe kule katikati, akarudi. Dereva mmoja wa trela akaja, akalichukua, akarudi kwenye kivuli chake.

"Ni wa kutoka mpakani," mama akaniambia. "Hao ndio wanatuletea."

"Na kopo?"

"Akimaliza anatupa. Mimi niko na watoto, dada."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesogea hatua mbili nyuma yule dereva alipokuja. Nilimalizia kunawa. Nilipogeuka, pickup ilikuwa tupu.

Baba alikuwa amevuka. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha trela, barakoa chini ya kidevu, ameushika mkono wa yule dereva kwa mikono yake yote miwili, anamuuliza habari za nyumbani.

Sikukimbia. Nilitembea. Nilipofika walikuwa wameshafika kwenye watoto, na yule kijana, maana alikuwa kijana tu, macho yamemjaa maji. Aliponiona aliuvuta mkono wake haraka.

"Pole dada," akasema. "Ni mzee amenipatia. Tangu Malaba sijashikwa mkono na mtu."

Nilimshika Baba kwenye kiwiko nikampeleka mtungini na kumnawisha, sabuni, maji, sabuni tena, mpaka akaniambia namtoa ngozi. Kisha nikampaka sanitaiza. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu tupu.

"Unataka kufa, Baba?"

Alijifuta mikono kwenye koti.

"Nekesa, yule ni mtoto wa mtu. Wanampa chai kwa kopo."

Koech akaja na mkanda, akaufunga, tukaondoka. Baba alimpungia kijana wake mpaka tukapinda. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikiliza kifua chake, na kuanzia hapo kila alipokohoa niligeuka kumtazama. Kukohoa alikuwa anakohoa kila siku, kwa hivyo sikupumzika.

Section 58: mkono wa dirishani

Tulifika hapa kwangu kabla ya kafyu, tukalala. Asubuhi iliyofuata mnaijua wenyewe, maana nyinyi ndio mliokuwa dirishani.

Sitawataja wote. Nilikuwa nimewaambia kwenye grupu, kwa herufi kubwa, msije. Mkajibu sawa, na kidole gumba. Kisha mkaja na uji. Mama Shiru ulisema unapita tu. Unapita kwenda wapi, na nyumba yangu ndiyo ya mwisho? Halafu mkasema tuombe, na maombi yenu hayakamiliki bila kumwekea mgonjwa mikono, basi mkono wako, Mama Shiru, ukapenya kwenye vyuma vya dirisha. Baba aliuona mkono ule na uso wake ukawaka. Alikuwa ameshaunyanyua wa kwake nilipofunga pazia.

Najua mlikasirika. Mama Shiru ulikaa siku nzima bila kunijibu. Lakini hamkuuona uso wa Baba nyuma ya lile pazia. Uji wenu hakuugusa. Aliketi kitandani akatazama ukuta, na mimi nikasimama na kile kikombe nisijue nikiweke wapi.

"Umewafungia watu mlango," akasema.

"Daktari alisema, Baba."

"Daktari anajua kifua. Sasa mimi mtu akinipa mkono, nimkataze, nitamwambia ni kwa nini? Ni mchafu? Huyo mama ameninunulia sukari nikilazwa. Nitamwambia yeye ni mchafu?"

"Utamwambia ni Korona."

"Ni kumwambia yeye ndiye Korona."

Nilianza kumweleza habari ya virusi, jinsi vinavyotoka mkononi mwa mtu mzima wa afya vikaingia puani. Nina maneno mazuri ya kueleza hayo, nilikuwa nayatumia darasani kabla hatujafunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaniuliza kama Mama Shiru alishaondoka au bado yuko nje amesimama. Nilienda jikoni nikalia. Nilijua nitamfikisha Subukia, na nilijua pia kwamba kijiji kizima kinamsubiri, na huko hakuna pazia litakalotosha.

Bahati: mahindi ya moto

Koech alitujia alipomaliza kushusha viazi. Alikuwa amekubali kutupeleka hadi nyumbani. Barakoa ya kiooni haikuwepo, ilipeperuka, akasema, na sikumwuliza ilipeperukaje. Nilimpa moja ya zangu, ya maua. Aliivaa bila kubisha kwa sababu mbele yetu kulikuwa na kizuizi cha polisi.

Afisa alichungulia. Baba, kabla sijamzuia, akanyoosha mkono dirishani: "Wewe ni kijana wa nani?" Afisa alirudi nyuma hatua mbili na rungu lake akaliweka mbele, katikati yake na ule mkono.

"Mzee, endelea tu. Endelea."

Ndiyo mara pekee katika maisha yangu nimependa kizuizi cha polisi.

Bahati tulisimama kwa ajili ya mahindi ya kuchoma. Nilikataa, Koech akasema kitu kimetoka kwenye moto hakina Korona, na Baba akasema ana njaa, neno ambalo hakuwa amelisema tangu Salgaa. Basi nikanunua. Yule muuzaji aliyapaka limau na pilipili kwa kidole chake mwenyewe. Nikamwomba ayarudishe kwenye moto tena. Akayarudisha, akinitazama jinsi unavyomtazama mtu ambaye ametoka mbali. Baba alikula hindi lake lote, na baada ya hapo akaanza kuhesabu watu wa kusalimia akifika: Njoroge wa ng'ambo ya barabara, kijana wa boda anayekusanya maziwa, mama wa duka, na wengine mpaka nikaacha kusikiliza.

Barabara ikaanza kuteremka bondeni. Joto likaingia dirishani, tukaiona mibuni na mahindi, na mluzi wa kifua cha Baba ukapungua kidogo. Nilifurahi kwa hilo, na papo hapo nikawa najiandaa kupigana na kijiji.

Langoni

Hapakuwa na mtu wa kupigana naye.

Tangu tuache lami hadi nyumbani, barabara ilikuwa tupu. Watu walikuwepo, lakini ndani ya mashamba yao, na walipoona gari linaelekea kwetu walipunga mkono kwa mbali wakarudi nyuma. Njoroge, rafiki mkubwa wa Baba kuliko wote, alikuwa amesimama ng'ambo, mikono ameifunga mgongoni. "Karibu mzee," akaita. "Pole sana. Pole kwa yote." Na hakuvuka.

Baba aliushusha mkono wake. Niliona amevunjika moyo, nikadhani labda habari ya ugonjwa wake imewatisha. Kisha Koech akasimamisha gari, na sote tukaona kilichokuwa langoni.

Ni gunia. Gunia la kawaida la katani, limetandazwa chini kutoka nguzo hadi nguzo, limelowa chapachapa, na maji yake ni meupe kwa magadi. Kwa mtu wa mjini ni gunia tu. Mtu aliyefuga ng'ombe Subukia, au Molo, au popote huku kwetu, akiliona hilo langoni anajua boma hilo lina ugonjwa wa miguu na midomo. Unakanyaga hapo ukiingia na ukitoka, usiubebe kwa viatu. Na kama huna lazima ya kuingia, huingii.

Baba alishuka polepole. Uchovu wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Ni gani imeshikwa?" akamuuliza Mama.

Mama alikuwa amesimama ndani ya lango, gambuti miguuni, kipande cha leso kimefungwa puani. Alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

"Ingia kwanza," akasema.

Baba akakanyaga gunia mguu mmoja, akausugua, akakanyaga wa pili, akausugua. Huyu ndiye mtu aliyekataa barakoa, kiwiko, pazia na daktari. Kisha akageuka. "Koech, gari usiingize. Tairi itabeba."

Na Koech, aliyenishinda tangu Sachangwan, alirudisha gari nyuma papo hapo. Akaomba ndoo ya maji ya magadi, akaosha tairi zote nne, akaosha viatu, akaosha hadi pedali. "Kwetu iko ng'ombe, mwalimu," akaniambia kwa uzito, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimzuia. Barakoa yangu ya maua ilikuwa imefungwa shingoni.

Nilimkuta Mama jikoni. Nilimuuliza ng'ombe wana hali gani.

"Wazima," akasema.

Alikuwa amesikia redioni kwamba watu watie dawa milangoni. Dawa ya mlango anayoijua yeye ni gunia na magadi, basi akaliweka, kwa ajili ya Korona, kwa sababu mume wake anakuja na kifua kile. Njoroge akapita, akaliona. Kesho yake asubuhi boda wa maziwa alipita bila kusimama. Kutwa nzima hakuna aliyekuja kuomba chumvi, hakuna aliyekatiza uwanjani kwenda mtoni. Ndipo alipoelewa walichofikiri.

"Nilikuwa nimeshavaa viatu niende niwaambie," akasema. "Nikafika hapo langoni. Nikafikiria hawa watu wote wakikuja kumsalimia, na yeye vile anapenda. Nikarudi ndani."

"Na maziwa?"

"Ndama wamenona. Nguruwe pia."

Nilimwambia si vizuri. Kumbe Njoroge, kwa kuogopa ugonjwa, alikuwa amefungia ng'ombe wake nyumbani anawakatia nyasi, na mtamba aliyetaka kumpeleka sokoni hakumpeleka. Mama alisema anajua, na kwamba kila jioni anaomba msamaha kwa jambo hilo hilo na kesho yake analowesha gunia tena. Alisema atakuja kumlipa Njoroge kwa njia yake. Kisha akafuta macho na ile leso.

"Nimekaa na huyu mtu tangu nikiwa msichana, Nekesa. Wacha waniite mwongo."

Boma lililofungwa

Sasa tulikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa mkono wa Salgaa. Daktari alikuwa amesema ugonjwa waweza kujificha hadi wiki mbili, kwa hivyo nilikaa, na ndiyo sababu hamkuniona. Nilikuwa nampima joto kwa kiganja asubuhi na jioni. Siku moja katikati aliamka akikohoa kuliko kawaida na chai hakuitaka, na siku hiyo mimi na Mama tulizunguka boma tukimsikiliza. Jioni akala ugali na mboga, akaomba nyongeza. Sijawahi kupika nyongeza kwa furaha namna ile.

Hofu ya pili ilikuwa kwamba angegundua. Utamficha vipi mfugaji ng'ombe wake mwenyewe? Asubuhi ya kwanza kabisa alivaa gambuti akaenda zizini. Nilimfuata kwa mbali. Alimshika Malaika, ng'ombe wake mkubwa, akamfungua mdomo, akaupitisha mkono juu ya ulimi akitafuta vidonda na mate ya ugonjwa. Akainua kwato moja, akatazama kati ya vidole, akainua nyingine. Akafanya hivyo kwa ng'ombe wote. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtetea Mama.

Alitoka, akaenda kwenye maji, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni bila kuambiwa. Kisha akapita langoni, akaligusa gunia kwa ncha ya kiatu.

"Hii magadi ni nyepesi," akamwambia Mama. "Ongeza."

Mama akaongeza. Nikawaza labda macho yake yamezeeka.

Kila jioni majirani walikuja ng'ambo ya barabara, wakasimama kando ya ua wa Njoroge, na Baba akaketi kwenye kigoda ndani ya lango. Walisalimiana kwa kuitana. Aliwauliza yote, mmoja mmoja, nyumbani, watoto, ndama, na wao wakamuuliza ng'ombe wanaendeleaje, naye akajibu kwamba Mungu ni mwema. Hakuna aliyenyoosha mkono na hakuna aliyeona amenyimwa. Kabla ya kulala aliomba, na kila usiku alimtaja yule kijana wa trela, afike salama kwao.

Wiki mbili zilipita. Kifua chake kilikuwa kile kile cha siku zote, si kibaya zaidi. Nikafunga virago.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, Njoroge alivuka barabara. Alikuja mpaka langoni, amenyoa ndevu, amefurahi. Mama alikuwa nyuma yangu na sufuria.

"Mzee Barasa," akasema, "si sasa zimepona? Siku zimekuwa mingi. Nikuje tunywe chai, nimechoka kukupigia kelele."

Na akanyoosha mkono wake juu ya lango.

Baba aliinuka kutoka kwenye kigoda. Aliutazama ule mkono kwa muda, na niliona wa kwake ukifunguka kando ya suruali, kama ulivyofunguka juu ya goti kule Sachangwan. Nyuma yangu kifuniko cha sufuria ya Mama kiligonga. Malaika alikuwa amesimama nyuma ya Baba anacheua taratibu, mdomo wake mkavu.

Baba akaipeleka mikono yake yote miwili nyuma, akaishikanisha huko mgongoni.

"Bado, Njoroge," akasema. "Malaika bado anatoa mate."

Njoroge akaurudisha mkono wake bila kinyongo hata kidogo. "Pole sana, mzee. Basi nitangoja." Akasugua viatu vyake kwenye gunia ingawa hakuwa ameingia, akavuka kurudi kwake.

Baba alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia ndani ya ua. Kisha akachukua ndoo, akalowesha gunia upya kutoka nguzo hadi nguzo, na alipomaliza akageuka akanikuta namtazama.

"Ukifika Section 58," akaniambia, "yule mama wa dirisha mwambie Korona si yeye."

Mama Shiru, ndiyo hayo, nimeyafikisha. Na nyinyi wengine, mkiulizwa na mtu yeyote anayeelekea Subukia, ng'ombe wa Mzee Barasa bado wanaumwa.